Nani Atembee Zaidi?

Katika mwaka wangu wa pili chuoni, mwalimu wetu wa jiografia alitupa zoezi lililoonekana jepesi. Tuchore ramani ya mahali tunapopafahamu vizuri, tuweke vijiji na njia zake, kisha tutafute mahali panapofaa zaidi kujenga kituo cha afya. Mimi nasoma Kiswahili na jiografia, na hesabu sijawahi kuziogopa, kwa hiyo nililifurahia. Nilichora kwetu: kipande cha ufuo wa Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako milima inateremka mpaka majini na kila safari fupi ina mzunguko mrefu.

Nilipata alama nzuri. Likizo ilipofika, baba, ambaye ni mjumbe wa kamati ya afya, aliwaambia wenzake kwamba binti yake ana hesabu ya chuo kuhusu jambo walilokuwa wakibishania tangu Krismasi. Zahanati ya zamani imechakaa, itajengwa mpya, lakini ijengwe wapi? Nikaitwa mkutanoni. Niliyoyasikia huko ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii, maana tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo halikuwamo kwenye zoezi: hesabu inapoamua ni nani atembee zaidi, ni nani hasa aliyeamua?

Nianze na hesabu yenyewe, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuigombeza kwa haki.

Wataalamu huiita ramani ya namna hiyo mtandao. Siku hizi neno hili linatupeleka moja kwa moja kwenye intaneti, lakini hapa ni afadhali kumfikiria mvuvi na wavu wake. Mafundo ya wavu ni vijiji, nyuzi ni njia. Kila fundo lina uzito wake, yaani idadi ya nyumba, na kila uzi una urefu wake, yaani umbali. Algoriti, nayo, ni utaratibu wa hatua kwa hatua ambao ukiufuata bila kuruka hatua utafika kwenye jibu lile lile, uwe profesa, mtoto wa shule au kompyuta.

Mwaka 1964 S. L. Hakimi, aliyekuwa akifikiria mahali pa kuweka vituo vya kuunganishia simu, alichapisha makala iliyotenganisha maswali mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. La kwanza: kituo kiwe wapi ili jumla ya safari za watu wote iwe ndogo kabisa? Mahali hapo huitwa mediani. La pili: kiwe wapi ili yule aliye mbali kuliko wote asiwe mbali sana? Hapo huitwa kitovu. Mimi nitaziita kanuni ya jumla na kanuni ya mtu wa mwisho, ili tusipoteane njiani.

Mtandao wangu ulikuwa na mafundo matatu tu. Majina ya vijiji nimeyaacha makusudi, na namba nimezikadiria. Sokoni, penye barabara, kuna nyumba 700. Ukiteremka kilomita 4 unafika Gatini, mitumbwi inapofungwa, penye nyumba 200. Kutoka Gatini unavuka maji kilomita 5 hadi Ng'ambo, nyumba 100. Tuseme kila nyumba inatuma mtu mmoja. Kituo kikiwa Sokoni, watu wa hapo hawana safari, wa Gatini kwa pamoja wanakwenda kilomita 800 na wa Ng'ambo kilomita 900, jumla 1,700. Kikiwa Gatini jumla inapanda hadi 3,300, kwa sababu sasa wale 700 wa Sokoni ndio wanaoteremka. Kanuni ya jumla inajibu bila kigugumizi: Sokoni.

Kanuni ya mtu wa mwisho inajibu vingine. Kutoka Sokoni hadi Ng'ambo ni kilomita 9, kwa hiyo kitovu kiko katikati, kilomita 4.5 kutoka kila upande. Ukipima kwenye ramani utakuta mahali hapo ni nusu kilomita kupita Gatini. Yaani ndani ya ziwa! Hakimi alithibitisha kwamba mediani daima inaweza kupatikana penye fundo, lakini kitovu kinaweza kuangukia katikati ya uzi, na uzi wangu ulikuwa maji. Darasa zima lilicheka nilipokionyesha kituo changu cha afya cha samaki. Nikakisogeza hadi Gatini, penye ardhi, nikalinganisha majibu mawili, kisha nikaandika kwamba kwa kuzingatia ufanisi kituo kijengwe Sokoni. Sikuandika kwamba nyumbani kwetu ni Sokoni.

Mkutano ulifanyika chini ya mikaratusi. Nilichora mafundo yangu matatu kwa kijiti kwenye vumbi, nikaeleza 1,700 na 3,300, na watu wa Sokoni wakatikisa vichwa kukubali. Kisha mzee mmoja wa Ng'ambo, aliyevuka kwa mtumbwi alfajiri, akaomba ruhusa ya kusema. Tulizungumza Kikiga, hapa natafsiri.

“Binti yangu, nimekuelewa. Niambie jambo moja tu. Sisi tuko kilomita tisa. Kama tungekuwa kilomita ishirini, kituo kingesogea kidogo kuja kwetu?”

Nikafikiri kidogo. “Hapana, mzee.”

“Tisini je?”

“Hapana.”

“Basi hiyo hesabu yako haikuipima njia yangu,” akasema, akaketi.

Watu walicheka. Mimi sikuweza, kwa sababu alikuwa sahihi, na si sahihi kwa namna ya wazee ya kupiga mafumbo, bali sahihi kama nadharia. Mtandao ambao kati ya fundo na fundo kuna njia moja tu huitwa mti. Mwaka 1971 A. J. Goldman alieleza algoriti fupi ya kutafuta mediani kwenye mti. Anza na fundo la pembeni. Je, uzito wake unafikia nusu ya uzito wote? Kama haufikii, likate, umwongezee jirani yake uzito huo, uendelee. Ukikuta fundo linalofikia nusu, simama, umefika. (Kundi la mwanahisabati Mchina Hua Luogeng lilikuwa limekwisha kuandika juu ya njia kama hiyo mapema miaka ya 1960, likitafuta mahali pa kupuria ngano vijijini.) Ijaribu kwenye mtandao wangu. Ng'ambo ni 100, haifikii 500, inakatwa. Gatini sasa ni 300, haifikii, inakatwa. Imebaki Sokoni. Kazi imekwisha, na hakuna popote tulipoangalia umbali. Ungeweza kuzifuta kilomita zote kwenye ramani na jibu lingebaki lile lile.

Darasani jambo hili lilifundishwa kama uzuri wa algoriti, na ni uzuri kweli: unaweza kuipata mediani ya kijiji ambacho barabara zake hazijapimwa. Lakini tazama kinachoendelea chini yake. Kila mita ambayo kituo kinasogea kuelekea ziwani inawapunguzia watu 300 mita moja na kuwaongezea watu 700 mita moja. Ni biashara ya hasara, hata kama wale 300 wamekwisha kwenda mwendo wa kutwa. Kanuni ya jumla inachukulia kwamba kilomita ya kwanza ya mtu wa Sokoni mwenye kikohozi ina uzito ule ule na kilomita ya tisa ya mama mwenye uchungu wa kuzaa. Hilo si jambo lililogunduliwa na hesabu. Limeingizwa kabla hesabu haijaanza, na aliyeliingiza ni mimi.

Wanafalsafa wameligusa suala hili kwa upande wao. Wafuasi wa Bentham wangeniunga mkono: hesabu furaha na maumivu ya wote, kila mtu ahesabiwe mmoja, uchague jumla iliyo bora. Kuna heshima ndani ya wazo hilo ambayo tusiidharau, maana mtoto wa chifu na mtoto wa mvuvi wanapewa moja moja. John Taurek, katika makala ya mwaka 1977, aliuliza kama idadi ya watu inafaa kuhesabiwa hata kidogo, kwa hoja kwamba maumivu ya watu tofauti hayajumlishiki kuwa maumivu makubwa ya mtu fulani. Hapo namwelewa. Hakuna mtu yeyote kwetu anayetembea kilomita 1,700. Kilomita hizo zipo kwenye karatasi yangu tu. Barabarani na majini kuna anayetembea sifuri, kuna anayetembea nne, na kuna anayekwenda tisa.

Hata hivyo siwezi kumfuata Taurek mpaka mwisho, na sababu yangu ni ile ile kanuni ya pili. Baada ya mkutano nilijaribu kumtetea mzee kwa kanuni ya mtu wa mwisho, nikagundua kwamba nayo ina upofu wake. Weka Sokoni nyumba 7,000, au weka 70,000: kitovu kinabaki kilomita 4.5, pale pale majini. Kanuni hii haiangalii idadi ya watu hata kidogo. Na kesho kijana mmoja akijenga kibanda kilomita 3 kupita Ng'ambo, kitovu kitasogea kilomita moja na nusu kumfuata, na wale 700 watasogezewa mbali kwa ajili ya kibanda. Kwa hiyo ya kwanza inahesabu watu bila kuona njia zao, na ya pili inapima njia bila kuona watu.

Wenzangu wa falsafa hupenda kumtaja John Rawls hapa, kwa kuwa katika kitabu chake cha mwaka 1971 alisema tofauti kati ya watu zinakubalika pale zinapomfaidi aliye chini kabisa, na hilo linafanana na kanuni ya mtu wa mwisho. Mimi naona tunamtwisha mzigo usio wake. Rawls alikuwa akizungumzia misingi ya jamii nzima, katiba na mgawanyo wa haki na mali, si mahali pa kuchimba msingi wa zahanati. Lakini njia yake ya kufikiri ilinisaidia kwa jambo moja: ingekuwaje kama ningechora ramani ile bila kujua kwamba nyumba yetu iko Sokoni?

Kuna waliojaribu kuchanganya. Mwaka 1976 Jonathan Halpern alipendekeza kanuni inayochukua sehemu fulani ya jumla na sehemu fulani ya umbali wa mtu wa mwisho. Ni wazo la busara, na algoriti yake inafanya kazi. Ila inakuomba kwanza uijaze ile sehemu. Theluthi? Nusu? Kompyuta inasubiri namba, na namba hiyo haimo kwenye ramani.

Kwa upande wa serikali, njia iliyochaguliwa kwetu ni nyingine. Sera ya afya ya Uganda ilipanga kituo cha daraja la pili kwa kila parishi, takriban watu 5,000, na cha daraja la tatu kwa kila gombolola, takriban watu 20,000 (wenzetu wa Tanzania wangeifananisha gombolola na kata). Lengo lililotajwa miaka mingi ni kwamba mtu asikae mbali zaidi ya kilomita 5 kutoka kituoni. Hii inaitwa kanuni ya kufunika: chora mstari, uhesabu walio ndani. Kwa mstari huo, kituo cha Sokoni kinafunika nyumba 900 kati ya 1,000, na asilimia 90 inapendeza kwenye ripoti yoyote. Cha Gatini kinafunika zote! Nilipoliona hilo nilidhani nimepata suluhisho, mpaka nilipokumbuka kwamba kilomita 5 za sera ni za kutembea. Kilomita 5 za Ng'ambo ni za kupiga kasia.

Hapa ndipo niseme kuhusu wifi yangu, ambaye ni mtu wa Ng'ambo. Alipokuwa na mimba ya kwanza, alivuka akaja kukaa kwetu mwezi mmoja na nusu kabla ya siku zake. Mchana upepo huamka ziwani na mtumbwi wa kuchonga hauutaki, usiku hakuna wa kukuvusha ila ndugu yako, na uchungu hauchagui saa. Alijifungua salama, mtoto ni huyu anayenivunjia kalamu ninapoandika. Kwa daftari la zahanati, wifi alikuwa mtu wa Sokoni, umbali sifuri. Lakini maharage yake yalivunwa na majirani kwa mapatano ya nusu kwa nusu, na mume wake alipika na kulima peke yake wiki sita. Nani ameziandika wiki hizo kama kilomita?

Nilipolieleza hili, mjumbe mmoja alisema kwa sauti ya upole kwamba watu wa Ng'ambo walichagua wenyewe kukaa huko. Nadhani wengi wetu tunaamini hivyo bila kusema. Kwetu Kigezi mashamba yamegawanywa kwa urithi mpaka mengine ni kama mikeka iliyotandikwa mlimani. Kijana asiye na kipande anavuka penye kipande. Na “mbali” yenyewe imetengenezwa: barabara ingepita upande wa pili, sisi ndio tungekuwa ng'ambo.

Neno hili limenivutia tangu nianze kusoma Kiswahili. Mjini Unguja, mwalimu alitueleza, Ng'ambo ni jina la mtaa uliokuwa upande wa pili wa hori, mkabala na Mji Mkongwe, walikokaa watu wasio na majumba ya mawe. Wakazi wake waliitwa watu wa ng'ambo wakiwa nyumbani kwao wenyewe. Kwa sarufi, kila ufuo ni ng'ambo ya mwenzake. Kwa maisha, upande mmoja tu hubaki na jina.

Ziwa letu linajua vizuri kwamba umbali unaweza kuwa kusudi. Karibu na ufuo kuna kisiwa kidogo cha nyasi kiitwacho Akampene, ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe kwa njaa au wazame. Kisiwa cha Bwama, katika miaka ya 1930, kilifanywa makao ya wagonjwa wa ukoma na Daktari Leonard Sharp, mmisionari aliyetoka Uingereza. Mambo haya mawili si sawa. Moja ni kuua, lingine lilikuwa tiba, na Bwama leo ina shule. Lakini yote mawili yanajibu swali lile lile la mtandao likiwa limegeuzwa: badala ya kutafuta mahali palipo karibu na wote, tafuta mahali palipo mbali na wote. Wataalamu wanalo tawi zima la swali hilo, kwa ajili ya majalala na viwanda vya kemikali. Unageuza alama moja tu kwenye algoriti. Nilipolisoma hilo maktabani niliona baridi, maana nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu kisiwa kilichochaguliwa hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, ambalo ni uzito wa mafundo. Ile mia moja ya nyumba za Ng'ambo niliipata wapi? Niliipata kwa kamati, na kamati iliipata kwenye daftari la zahanati ya zamani, ambayo iko Sokoni. Kila nyumba iliyowahi kufika na kuandikishwa ilihesabiwa. Sikuuliza zaidi, kwa sababu daftari ni daftari. Baadaye nilikaa na daftari hilo mchana mzima nikisoma kurasa za miezi ya mvua na upepo. Katika kurasa nilizopitia, watu wa Ng'ambo walikuwa wachache kuliko vidole vyangu. Kwa mtu anayesoma namba tu, Ng'ambo ni kijiji cha watu wenye afya njema ya kushangaza.

Tazama mzunguko ulivyo. Zahanati ikiwa mbali, watu hawaji. Wasipokuja hawaandikwi. Wasipoandikwa wanakuwa wepesi kwenye hesabu. Wakiwa wepesi, kanuni ya jumla inaiacha zahanati mpya pale pale, mbali nao, na sasa ina ushahidi. Umbali umejishuhudia wenyewe mahakamani. Na kanuni ya mtu wa mwisho haiponi, kwa sababu nyumba isiyoandikwa kabisa si fundo, na isiyo fundo haiwezi kuwa ya mwisho. Kabla ya kubishana kama tujumlishe au tumtazame aliye mbali zaidi, mtu fulani amekwisha kuamua ni akina nani wawemo kwenye wavu. Kwetu aliyeamua ni karani mwenye daftari na upepo wa saa nane mchana.

Najua kuna watakaosema kwamba yote haya yatatatuliwa kwa teknolojia. Wenzetu wa Rwanda tangu mwaka 2016 wana droni za Zipline zinazoruka kutoka Muhanga kupeleka damu hospitalini, na droni haijui kona wala ghuba, inakwenda kama kunguru. Nawapongeza kwa dhati. Lakini droni ilibidi nayo iwe na kituo cha kurukia, na mtu alilazimika kuamua kiwe wapi na kifike mpaka wapi. Tena wifi yangu hakuhitaji damu. Alihitaji mkunga.

Kompyuta yenye nguvu zaidi nayo haitatuokoa na swali hili. Vituo vikiwa vingi kazi inakuwa nzito mno: kuchagua vijiji 5 kati ya 50 kuna njia 2,118,760, na mwaka 1979 Kariv na Hakimi walionyesha kwamba kwa mitandao ya jumla tatizo hili ni katika yale ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyamaliza idadi inapokua. Kwa hiyo wahandisi hutumia mbinu za kukaribia jibu, na kati ya majibu mengi yanayokaribiana hulichukua mojawapo. Tofauti kati ya jibu hili na lile huenda ikawa ndogo sana kwenye jumla. Kwa kijiji kimoja ndani yake, tofauti hiyo ndiyo zahanati yenyewe.

Desemba iliyopita nilivuka. Nilikwenda na wifi, yeye akishika kasia na mimi daftari jipya, tukazunguka ghuba za Ng'ambo siku tatu tukihesabu nyumba zenye moshi. Tulipata 140. Yule mzee alitupokea, akatupa viazi na uji wa mtama, akauliza kama safari hii nimekuja kuipima njia. Nikamwambia nimekuja kupima watu kwanza.

Kurudi nyumbani nilifanya hesabu upya kwa hamu, nikidhani sasa jibu litageuka. Halikugeuka. Ng'ambo 140, Gatini 200, Sokoni 700: nusu ya zote ni 520, na Sokoni peke yake inaipita. Nilisikitika, na kusikitika huko kulinionyesha kwamba tayari nilikuwa na upande.

Kisha nikajaribu jambo jingine. Niliuliza: ili kanuni ya jumla yenyewe ikihamishe kituo kwenda Gatini, nyumba moja ya Ng'ambo inabidi ihesabiwe kama nyumba ngapi? Kwa hesabu ya zamani, ya nyumba 100, ilibidi kila moja ihesabiwe zaidi ya mara tano. Kwa nyumba 140, mara nne inatosha na chenji inabaki. Yaani zile nyumba 40 zilizokuwa zimesahauliwa hazikubadili jibu, ila zilishusha bei yake. Mtu aliyekuwa akiona kwamba tano ni upendeleo uliopita kiasi, sasa anaulizwa kuhusu nne. Kwa upepo, kwa usiku usio na mtumbwi, kwa wiki sita za maharage, je, kumhesabu mtu mara nne ni kumpendelea? Mimi nimejaribu kulijibu mara nyingi, na kila mara naona jibu langu linategemea kama nimelifikiria nikiwa jikoni kwetu au nikiwa katikati ya maji.

Kamati inakutana tena mwezi ujao, na baba ameniomba nilete karatasi. Nimeandika majibu ya kanuni zote, kila moja na kilomita zake: Sokoni, Gatini, na pale majini pia, ili watu waone haki kamili ya mtu wa mwisho ilikoangukia. Chini yake nimeandika 140 na namna tulivyozihesabu, na ile nne. Juu kabisa nimeandika kwamba aliyefanya hesabu hii anakaa Sokoni. Baba aliisoma, akanyamaza kidogo, akauliza kama mstari huo wa juu ni wa lazima. Nikamwambia ndiyo. Ameuacha. Tumekubaliana pia kwamba mkutano usianze saa tatu kama kawaida, bali saa tano, ili mtumbwi wa Ng'ambo uwe umefika.